Hesabu ya Barabara Isiyo na Jumamosi

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikabidhiwa kiti cha kukunja, ubao wenye karatasi na penseli mbili, nikapelekwa kando ya lami pale Suneka, magharibi ya mji wa Kisii. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Kila gari lililopita nililipigia mstari mdogo wa wima, na la tano nililaza mstari wake juu ya ile minne, ili jioni mafungu ya tano tano yajumlishwe upesi. Kulikuwa na safu ya malori, ya magari madogo, ya baiskeli, na mwisho kabisa safu ya watembea kwa miguu.

"Hiyo ya mwisho usijisumbue nayo sana," karani aliyenifundisha aliniambia. "Watu hawachimbi lami kama malori."

Nilikuwa mgeni kazini, ingawa umri wangu ulikaribia hamsini, nikakubali. Nilimshukuru Mungu kwa kazi niliyoweza kuifanya nikiwa nimeketi.

Nilihesabu Suneka, kisha Nyamarambe, kisha Nyacheki kwenye mashamba ya majani chai, ambako mvua ya alasiri ilinilowesha karatasi hadi nikajifunza kuzifunika kwa nailoni. Baadaye nilipandishwa cheo kuwa msimamizi wa wahesabu, nikahamia afisi ya mjini chini ya Mhandisi wa Wilaya. Sote tulimwita Injinia. Alitoka kandokando ya ziwa, kwa hiyo Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, ingawa sisi wenyeji tuliteleza mara kwa mara tukarudi kwenye Ekegusii, lugha yetu ya nyumbani.

"Nimesikia jina langu hapo," alikuwa akisema bila kuinua kichwa. "Kama ni kunisengenya, nisengenyeni kwa lugha ya taifa."

Injinia alikuwa amepewa jukumu la kuandika mpango mmoja wa usalama wa barabara kwa wilaya mbili, Kisii na Nyamira, kwa sababu, alivyosema, lori lililokatika breki halisimami mpakani. Alitundika ramani ukutani na kuchomeka pini nyekundu. Kila pini ilikuwa mtu aliyekufa barabarani au aliyeumia kiasi cha kupoteza kiungo. Mahali pini ziliposongamana tulipaita doa. Nilidhani lengo letu lilikuwa kupunguza pini, nikamwuliza tuzipunguze kwa kiasi gani.

"Daktari wa mifugo akichanja ng'ombe wa wilaya nzima," aliniuliza, "hupanga wangapi wafe?"

"Hata mmoja, Injinia."

"Basi andika hivyo. Hata mmoja."

Alitufundisha kwamba dereva atakosea na mtembea kwa miguu atakosea, kwa maana wote ni wanadamu, na kazi yetu ni kuitengeneza barabara ili kosa lisigharimu maisha. Penye soko tuweke matuta ya kupunguza mwendo. Penye watu wengi tuchimbe njia ya miguu ng'ambo ya mtaro, mbali na lami. Lakini changarawe na mashine zilitosha sehemu tatu tu kwa mwaka, na sehemu hizo zingechaguliwa kwa hesabu zetu. Safu ile ya mwisho ikawa ya kwanza.

Sasa nieleze kosa langu. Fomu yetu ilikuwa na siku saba. Karibu wahesabu wote wa wilaya hizo mbili tulikuwa Wasabato, na tangu jua linapotua Ijumaa hadi linapotua Jumamosi hatukufanya kazi. Kwa hiyo nafasi ya Jumamosi tuliijaza kwa kuchukua Ijumaa na Jumapili na kuandika wastani wake. Tulikuita huko kukadiria. Kanuni ilitaka namba ya kukadiria izungushiwe duara ili anayesoma ajue. Sisi hatukuweka duara. Nami niliwafundisha wageni wafanye vivyo hivyo, kwa dhamiri nyeupe kabisa, nikiamini naitunza Sabato.

Katika orodha ya kwanza ya sehemu za kujengwa, kipande cha kutoka soko la Suneka hadi kanisa letu la mlimani kilishika nafasi ya tisa. Sehemu tatu za juu zikajengwa. Mwaka uliofuata tukaandaa orodha ya pili kwa hesabu zile zile.

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa natembea kwenda ibadani. Mama Kerubo, muumini mwenzetu, alikuwa hatua chache mbele yangu, amemshika bintiye mkono. Mahindi yalikuwa yamepandwa hadi ukingoni mwa lami, kama ilivyo desturi yetu sisi watu wa mashamba madogo, na hapakuwa na pa kukanyaga ila barabarani. Lori tupu la miwa liliteremka likikwepa shimo. Mama Kerubo alimsukuma mtoto ndani ya mahindi. Yeye mwenyewe hakuwahi.

Tulipokuwa tukingoja gari la kumpeleka hospitali niliinua macho. Barabara nzima, juu na chini, ilikuwa imejaa watu wenye nguo za ibada, wazee, kina mama, watoto wa shule ya Sabato. Nilikuwa nimetembea katikati yao kila Jumamosi ya maisha yangu na sikuwahi kuwapigia mstari hata mmoja.

Mama Kerubo alikatwa mguu wa kulia. Jumatatu nilisimama mbele ya meza ya Injinia nikamweleza yote. Nilitarajia barua ya kuachishwa kazi.

"Bwana Onchiri," alisema, "umeniletea wiki ya siku sita."

"Ndiyo, Injinia."

"Kisii yote?"

"Na Nyamira."

"Mungu wenu alipumzika siku ya saba. Sawa. Nani aliyewaarifu madereva?"

Nilizitazama pini za ukutani.

"Kamati inayopitisha orodha inakaa Jumatano ya wiki ijayo," aliendelea. "Imebaki Jumamosi moja. Siwezi kukulazimisha kufanya kazi siku yako ya ibada, na hata ningeweza nisingefanya. Lakini orodha yenye uongo siipeleki. Na bila orodha hakuna mahali patakapojengwa mwaka huu, si Suneka, si kwingine."

Jioni hiyo nilikwenda kwa Mzee Nyang'au, mzee wa kanisa letu. Nilimkuta akipogoa migomba yake. Alinisikiliza huku akikata.

"Kwa hiyo unataka kuhesabu watu wa Mungu," alisema. "Unakumbuka mfalme Daudi alipohesabu watu, Mungu alivyowapiga kwa tauni?"

"Nakumbuka, mzee. Ndiyo maana nimekuja."

"Daudi alihesabu ili ajione mkubwa. Wewe unahesabu ili iwe nini?"

"Ili wasife."

"Omwana baba," akaniita, yaani ndugu yangu, "ng'ombe wako akitumbukia shimoni siku ya Sabato, utamwimbia nyimbo hadi Jumapili?"

"Nitamtoa."

"Na Mama Kerubo, thamani yake ni chini ya ng'ombe?" Akanipa panga nimshikie, akaketi. "Nenda ukahesabu. Nitakuja nikuone."

Wahesabu wengi walikubali. Wawili wa Nyamira walikataa, nami sikuwasukuma, kwa maana dhamiri ya mtu si punda wa kuchapwa. Kwenye kiti cha mmoja alikaa karani wa afisi, na kwenye kiti cha mwingine Injinia mwenyewe, chini ya mwavuli, kutwa nzima.

Mimi nilisimama Suneka nikiwa na suti yangu ya ibada. Sikuwa na ubao. Nilikuwa nimejaza maharagwe mfuko wa kulia, na kila alipopita mtu nilihamisha moja hadi mfuko wa kushoto, nikikusudia kuandika baada ya jua kutua. Mzee Nyang'au alinitazama kwa muda.

"Unafanya nini na hayo maharagwe?"

"Ni ili nisiandike Sabato, mzee."

"Ahaa. Mungu anaona penseli lakini haoni maharagwe?"

Waliokuwa karibu walicheka hadi wakashikana mabega. Nilicheka pia, nikaona haya, nikamtuma mtu nyumbani kwangu aniletee penseli na ubao. Siku ile niliandika mbele za Mungu na za watu, na nafsi yangu ilitulia kuliko siku nyingi za ibada.

Hesabu hiyo ilipindua orodha. Suneka ilipanda hadi nafasi ya pili, na barabara mbili za Nyamira zilizopita karibu na makanisa zikaingia kwenye mpango. Wenye mashamba waliondoa mahindi kwenye hifadhi ya barabara, yaani ukanda wa serikali kando ya lami, wengine kwa manung'uniko, na njia ya miguu ikachimbwa.

Nilistaafu mwishoni mwa miaka ile. Hatukufikia lengo la Injinia. Pini hazikwisha ramanini, na sitaki kuwadanganya ninyi mnaoshika kazi hii sasa. Lakini pale njia ilipojengwa ziliacha kuongezeka. Ninyi mkiletewa hesabu, kabla ya kuuliza namba ni ngapi, waulizeni waliohesabu ni siku gani hawakuwepo.

Baada ya kustaafu nilibakiwa na neno moja. Nilikwenda kwa Mama Kerubo, nikamwambia kwamba Jumamosi haikuhesabiwa kwa sababu yangu, na kwamba huenda njia ingekuwapo kabla ya siku ile.

Aliweka mkono juu ya magongo yake.

"Kumbe ndiyo sababu umekuwa ukinibebea Biblia kila Sabato," alisema. "Nilidhani ni wema."

"Nilikuwa naogopa kusema."

"Mguu haurudi kwa kusema, Baba Moraa," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu.

"Haurudi."

Akatazama chini kuelekea barabarani. "Kerubo hupita kwenye ile njia kila siku akienda shule. Siku hizi simsindikizi hata kwa macho." Kisha akanigeukia. "Usinibebee tena kwa hatia. Ukitaka kubeba, beba kwa kuwa wewe ni ndugu."

Jumamosi iliyofuata sikumwomba Biblia. Nilipofika mlangoni pake alininyooshea mwenyewe, nikaipokea, tukapanda mlima pamoja.