Punda wa Zamu ya Mchana

Kwa miaka mingi Sostenes alikamua alizeti kwenye kiwanda kimoja Singida mjini, kando ya mashine yenye kelele hadi watu wakaacha kutumia midomo. Waliongea kwa mikono. Kidole kikizungushwa hewani, washa. Ngumi juu, zima. Mikono ikipishana kifuani, zamu imeisha, nendeni nyumbani. Kisha asubuhi moja wakakuta geti lina kufuli, na Sostenes akarudi kwao Kiomboi na kiinua mgongo chembamba na masikio mabovu.

Kiinua mgongo kilipokaribia kwisha, mkewe Agripina alimkabidhi chote kilichobaki na kumtuma mnadani. "Mbuzi, Baba Rebeka. Umesikia?"

"Nimesikia!" akajibu, kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani.

Mnadani, ng'ambo ya umati, akamwona Alute, mwenzake wa mashine ile ile, ambaye hakuwa amemwona tangu siku ya kufuli. Furaha ikampanda. Akazungusha kidole juu: vipi, wameshawasha? Alute, meno yote nje, akazungusha chake: wapi bwana, kwani kwenu? Wakaendelea hivyo, marafiki wawili wakijuliana hali, na dalali katikati yao akishangilia kila kidole na kupandisha bei ya punda. Alute alichoka kwanza. Sostenes akapigiwa makofi na kukabidhiwa kamba.

"Mbuzi huyu ana masikio marefu," alisema Agripina. Jioni akatoa hukumu: punda asipobeba maji kufikia Jumapili, anarudi mnadani, na Sostenes anakwenda kupalilia mtama wa Simeoni, kaka yake Agripina. Sostenes alikuwa radhi kulala njaa kuliko kumpalilia shemeji yule, ambaye tangu zamani alisema kazi ya kiwandani ni ya kuazima.

Tatizo, punda hakusogea. Sostenes alimfunga madumu mgongoni, akambembeleza, akamfokea kwa Kiswahili, akamalizia na Kinyiramba, hadi majirani wakatoka na viti vyao kuja kutazama. Punda alitulia kama bwana harusi anayesubiri picha.

Jumamosi sauti ilimkauka kabisa. Akasimama mbele ya mnyama, machozi yakimlenga, na mkono kwa mazoea tu ukazungusha kidole. Akageuka aondoke. Madumu yakagongana nyuma yake. Punda anamfuata! Akanyanyua ngumi, punda akasimama. Basi likapita na honi iliyorusha kuku wa mtaa mzima, punda hakutikisa hata sikio.

"Kumbe kiziwi," Sostenes alinong'ona, labda kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe. "Mwenzangu wa kiwandani huyu!"

Sasa wanauza maji Kiomboi, na Simeoni ni mteja. Kila jioni wakifika nyumbani, Sostenes husimama mbele ya punda na kupishanisha mikono kifuani. Hakosi. Wao kiwandani hakuna aliyewapishanishia mikono siku ya mwisho, na jambo hilo linamuuma kuliko kupoteza kazi yenyewe.

Agripina anajua. Aliapa hatajifunza lugha ile ya vidole iliyomnyima mbuzi. Lakini juzi, mikono ya mumewe ikiwa bado kifuani, alitoka jikoni, akawaonyesha pipa lake tupu, kisha taratibu, bila kucheka, akazungusha kidole hewani.

Punda ndiye aliyegeuka kwanza.