Ukoka wa Baba Kabla ya Kipupwe

Watu wa Tanga tukisema baridi, wageni hutucheka. Wacheke tu. Masika yakishakwisha, kipupwe huingia na upepo mkavu, mtu ukalala ukitafuta shuka la pili, na ukoka usiotunzwa ukakauka mpaka ukawa rangi ya mkeka mkuukuu. Zamani mambo hayo hayakunihusu. Mwaka huu nimelia kwa ajili ya majani.

Baba alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge. Alishuka kutoka milimani Usambara akiwa kijana, akafanya kazi mpaka akastaafu, akajenga hapa Pongwe, na mbele ya nyumba akapanda ukoka kama ule wa kazini. Sasa akili zake zinaondoka kidogo kidogo. Jina langu humpotea, ukoka haumpotei. Akiamka anavaa kofia, anachukua kwanja lake, anafyeka, anang'oa magugu, anamwagilia, mpaka jua limrudishe barazani. Siku ambayo hana la kufanya pale, anafungua geti na kushika barabara ya kwao milimani, na malori ya barabara ile hayajui baba wa mtu. Mara ya mwisho alirudishwa na jirani yetu, bibi wa Kiarabu mwenye duka.

"Yarabi, mwanangu!" bibi alisema, mkono wa baba kaung'ang'ania. "Nimemkuta katikati ya lami, anaufuata ule mstari mweupe. Leo Mungu kasitiri."

Nikajua basi. Majani yakifa, baba atatoka, na siku moja hatarudishwa.

Nyinyi mnaonishauri nitie kufuli, nilishatia. Alilipiga geti kwa viganja mpaka vikachubuka, huku analia na kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulifanya. Njooni mtie wenyewe. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Kuhusu kulea baba hawakusema kitu.

Kwa hiyo masika yalipoelekea ukingoni nikajiandaa. Nilitandaza samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nikajaza mapipa maji. Nikamsihi baba asikate tena, majani yarefuke yafunike mizizi, maana huku pwani kipupwe hakina mvua ya kutegemea.

"Sawa, sawa," akasema.

Kumbe mwenzangu kichwani yuko kwao. Kule milimani, ukungu ukikaribia, majani hufyekwa hadi chini, kwa sababu yakiwa marefu yanashika unyevu na kuoza. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na ndilo lililobaki kichwani. Nilirudi kutoka sokoni nikakuta nusu ya uwanja ni udongo mtupu, naye kasimama katikati, jasho linamtiririka, anacheka.

"Sasa baridi na ije," akaniambia.

Nilimfokea. Akaniangalia kwa woga, kisha akasahau. Nikaficha kwanja, akachukua kisu cha jikoni. Nikaficha visu, akang'oa kwa mikono. Huwezi kumfunga mtu mikono, tena baba yako.

Nimehangaika, jamani! Nilibeba kiroba cha ukoka kutoka uwanja wa kanisa letu kule Mabawa, nikaupandikiza wakati amelala mchana. Akaamka, akauona mrefu, akaung'oa. Nikapanda tena. Bomba likakata maji, mapipa yakaisha, upepo ukaanza, na kile kidogo kilichoshika kikanyauka nikikitazama. Nikapiga magoti palepale kwenye vumbi, wapita njia wakinishangaa. Nilisema, Mungu wangu, akili zake sikuombi tena. Nakuomba majani tu, hata upana wa kitanda. Hayakuota.

Asubuhi moja nilikuwa natwanga vitunguu saumu mlangoni. Baba alimalizia shina la mwisho, akajikung'uta magoti, akavua kofia, akaja kusimama mbele yangu kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama."

Mchi ukaniponyoka. Baba hamwamkii bintiye shikamoo. Alikuwa anamwamkia mke wa meneja.

"Kazi imekwisha, mama. Baridi ikija itakuta tayari. Naomba ruhusa niende nyumbani. Nina binti yangu mdogo, hali chakula mpaka anione."

Nilitaka kumkumbatia nimwambie, baba, ni mimi huyo, nipo, nimeshakula. Lakini binti yake asingeweza kumzuia. Geti lilikuwa nyuma yake, na nje lori lilikuwa linapita. Mwenye nyumba ndiye angemzuia.

"Marahaba," nikaitikia. "Huendi, mzee. Kazi bado."

Akaniomba radhi. Akavaa kofia, akarudi kwenye ule udongo mtupu, akachuchumaa, akaanza kung'oa.