Viraka Vinne vya Buluu Nilivyopeleka Ukweni

Mume wangu akianza kusimulia kisa hiki mbele ya wageni, mimi hutoka nje kwenda kuangalia kama ng'ombe amefungwa, hata kama nimemfunga mwenyewe dakika tano zilizopita. Yeye hukisimulia akicheka. Lakini yeye hukimalizia pale watu walipocheka, na aibu yenyewe haikuishia pale, kwa hivyo leo nakisimulia mimi, na mkitaka kunicheka nichekeni, nimeshazoea.

Ilikuwa miaka ya themanini, tukiishi Matinyani, mimi na watoto watano na mama mkwe wangu, ambaye sote nyumbani tulimwita Mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba. Mume wangu alikuwa anafundisha shule ya mbali na kuja nyumbani Ijumaa jioni, kwa hivyo wiki nzima ni mimi na Mwaitu: mimi shamba, maji, kuni na ng'ombe, yeye kukaa na wadogo na kukoboa mahindi ya kupikia muthokoi. Na katikati ya hayo yote nilikuwa na cherehani yangu ya mkono, nikishona blanketi za viraka. Mabaki nilikuwa nayaokota kwa mafundi wa nguo kule Kitui mjini, wanaoshonea barazani mwa maduka, na mengine yalitoka kwa nguo za watoto zilizokataa kabisa kushonwa tena. Nilikuwa nashona sufuria ikiwa motoni, nashona mtoto akiwa kifuani ananyonya, nashona huku namsikiliza mwingine akisoma kitabu cha shule (na akikosea namrekebisha bila kuinua macho). Wamama wa kanisa walikuwa wakiziona blanketi zangu wanazipapasa na kuguna, na mimi nikajiona fundi. Hapo ndipo shida ilipoanzia, kwa kujiona.

Shemeji yangu Mutua, kitinda mimba wa Mwaitu, alikuwa amepata msichana wa Kathonzweni, jina lake Ndunge, na tukapangiwa Jumamosi ya kupeleka mbuzi na vitu vingine vya ukweni. Na kwetu mnajua huwezi kwenda kwa wakwe bila blanketi, moja ya baba na moja ya mama, na ziwe blanketi za heshima, zikifunguliwa mbele ya watu zionekane. Mume wangu akasema atanunua mbili dukani. Mimi nikasema anunue moja tu, ya baba, ile ya mama nitashona kwa mkono wangu, na wataisifu mpaka mwaka uishe. Mume wangu akamwangalia mama yake. Mwaitu akaniuliza tu kama nitamaliza, na mimi nikamjibu kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuchelewa na kitu maishani.

Basi Alhamisi ikafika na blanketi imebaki viraka vinne, vya katikati kabisa, pale jicho linapoanguka kwanza. Nilikuwa nimeviweka kando, kitambaa kizuri cha buluu, juu ya cherehani, halafu nikaenda mtoni kuchota maji. Kurudi nakuta wasichana wangu wawili wamevikatakata wakawashonea wanasesere wao wa vijiti magauni. Nilitaka kulia. Kitui mjini singeweza kwenda, ng'ombe alikuwa karibu kuzaa, na Mwaitu alikuwa amekwenda mkutano wa wamama kanisani.

Nikaingia chumbani kwa Mwaitu. Nawaambia ukweli, sikuingia na nia ya kuchukua, niliingia kuangalia tu (hivyo ndivyo nilivyojiambia, na mkono tayari uko chini ya kitanda ukivuta sanduku). Chini kabisa, chini ya nguo zake za kanisa, kulikuwa na kitambaa kikuukuu cha buluu chenye vidoadoa vyeupe, kimekunjwa kidogo sana, kimepauka pembeni lakini katikati bado kizima. Kilikuwa na harufu ya dawa ya nondo. Nikasema, kitu hiki hakijavaliwa miaka ishirini, Mwaitu hata hakumbuki kipo. Jioni nitamwambia. Nikakata viraka vinne kutoka katikati, na yale mapindo yaliyobaki nikayakunja vilevile nikayarudisha chini ya nguo za kanisa.

Jioni ikaja na ng'ombe akaamua kuzaa, na mtoto wa tatu akashikwa na jino, sikumwambia. Ijumaa mume wangu akaja na wajomba wawili, nyumba ikajaa, sikumwambia. Mwaitu mwenyewe akaniomba aione hiyo blanketi, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia zawadi ya wakwe haifai kuonwa na watu wa nyumbani kabla wenyewe hawajaiona. Desturi hiyo niliitunga palepale jikoni. Akanitazama, akasema basi sawa, na nikaifunga kwa magazeti na kamba kama mzigo wa kutumwa Nairobi.

Tulipofika Kathonzweni tulipokewa vizuri sana, kwa nyimbo na uji. Mbuzi wakakaguliwa wakakubaliwa. Blanketi ya baba ikafunguliwa, nyekundu ya dukani, watu wakapiga makofi ya kawaida. Halafu wakafungua yangu, wasichana wawili wakaishika pembe wakaitandaza hewani, na wamama wote wakaanza vigelegele, na mama yake Ndunge akaja akaishika kwa vidole viwili kama mtu anayegusa shavu la mtoto mchanga. Mimi kichwa kikavimba. Badala ya kukaa kimya nikasimama (hakuna aliyeniita) nikaanza kuwaonyesha: hii ilikuwa gauni ya Mwende wangu, hii shati ya mwalimu, hii sketi niliyovaa siku ya kubatizwa. Bibi yake Ndunge, mwenye meno mawili na masikio makali, ambaye kila mtu pale alimwita Susu, akanyoosha fimbo yake katikati ya blanketi.

"Na hii ya buluu?"

"Hiyo nilinunua Kitui," nikasema.

Sijui kwa nini sikusema ni kitambaa cha nyumbani tu. Kwa maana nilipotamka Kitui, Mwaitu aliinuka mahali alipokuwa ameketi na wamama wa upande wetu. Alikuja polepole, akainama, akaweka kidole juu ya kiraka kimoja, mahali palipokuwa na tundu dogo lililozibwa kwa uzi mweusi. Mimi uzi huo nilikuwa nimeuona nikasema ni urembo. Alisema kwa sauti ya chini, lakini uwanja ulikuwa umetulia na kila mtu alisikia.

"Hii ni nguo nilibebea Mutua mgongoni. Hapa alitoboa na meno, nikashona."

Ningeomba ardhi ipasuke lakini Kathonzweni ardhi ni ngumu sana. Wamama wa upande wetu walitazama chini. Mutua alitazama juu, kwenye mti, kana kwamba kuna ndege anayemdai. Susu ndiye aliyeanza. Aliuliza, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, kama tumeleta na nguo ya kumbebea kijana ndiyo wao sasa wambebe. Upande wao wakacheka kicheko cha kuanguka. Mjomba wa mume wangu, aliyekuwa msemaji wetu, akaona aokoe hali, akasimama akasema hiyo ni ishara ya mapenzi, kwamba sisi tunawapa kijana wetu kabisa. Hapo ndipo alipotuzika. Msemaji wao naye akasimama, akasema wanashukuru, hawakujua kwamba ni Mutua anayeolewa, wana shamba kubwa lenye mteremko na wanahitaji mtu wa kuchimba matuta, anaweza kuanza Jumatatu. Ndunge alikuwa jikoni na wenzake na nikasikia vicheko vinatoka hata huko.

Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Wazee wao walikwenda kando wakarudi wakasema mama ya msichana hajavishwa blanketi leo, maana havishwi nguo ya mama mwenzake, na mazungumzo hayataendelea mpaka avishwe, tuje tena baada ya mwezi. Nilijaribu kuichukua ile blanketi niirudishe nyumbani, Susu akaweka fimbo juu yake, akasema kitu kikishawekwa kwa wakwe hakiinuliwi na aliyekiweka. Kwa hivyo tukarudi bila blanketi, bila jibu, na Mwaitu bila kitambaa chake.

Nyumbani nilimfuata Mwaitu chumbani kuomba msamaha, nikamkuta ameketi kitandani na yale mapindo ya buluu mapajani, anayanyoosha kwa kiganja. Nikaanza kumweleza habari za wasichana na wanasesere, na ng'ombe, na jino, na nikamwambia nilijua hatanikatalia.

"Kama ulijua sitakataa," akasema, "mbona hukuniuliza? Ungeniuliza ningekupa hata leso yangu ya kanisa."

Kitu kilichoniuma zaidi ni kwamba kesho yake aliamka kama kawaida, akawapikia watoto uji, akaniuliza kama ng'ombe ametoa maziwa vizuri. Angenigombeza ningepata nafuu.

Mwezi ulipoisha tulikwenda tena, safari hii na blanketi ya dukani, nzito, ya kijani, ambayo hakuna aliyeuliza imetoka wapi. Mama yake Ndunge akavishwa, mambo yakaendelea. Na mimi, wakati wanaume wanakula, nilimwendea yule mama nikapiga magoti nikamwomba aniruhusu nitoe vile viraka vinne. Nilikuwa nimebeba vingine vya kuziba, nimevikata kutoka kwa gauni langu la kanisa, lile la zambarau, la pekee nililokuwa nalo. Aliingia ndani akatoka na blanketi na wembe. Nikakaa chini uwanjani, jua la saa saba, nikafumua uzi mmoja mmoja huku wamama wa Kathonzweni wakipita na sinia za pilau wakinitazama na kuinamisha vichwa kucheka, na watoto wakija kuuliza huyu mama anafanya nini. Ilinichukua mpaka saa kumi. Susu alivuta kigoda akakaa karibu yangu wakati wote huo, hakunisema tena, alikuwa akinishikia pembe ya kitambaa ili nisikate vibaya, na hilo nalo lilinitia aibu.

Nyumbani niliviunganisha vile viraka na mapindo yake, kwa mkono, sio kwa cherehani, mishono midogo ambayo ungehitaji miwani kuiona. Nilijivunia kidogo, sitawaficha. Nikampa Mwaitu nguo yake. Akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza, akasema nimeshona vizuri, akairudisha sandukuni. Mimi nikashusha pumzi, nikasema hilo limekwisha.

Mwaka uliofuata Ndunge alijifungua mtoto wa kiume. Siku walipomleta Matinyani, Mwaitu aliingia chumbani akatoka na kile kitambaa cha buluu, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini alikiweka miaka yote ile chini ya nguo zake za kanisa, kwa sababu alikuwa amemnyooshea mikono yule mtoto na tayari ameinama kidogo, vile wamama wanavyoinama wakitaka kuwekewa mtoto mgongoni. Halafu akasimama wima. Akakishika kile kitambaa pande mbili, akakivuta mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayejaribu kamba ya kisima. Tulisikia uzi wangu ukilia. Akakitazama pale kwenye mshono, akakikunja.

"Hii haiwezi beba mtoto tena," akasema. "Ikiachilia ataanguka." Kisha akanigeukia, bila hasira yoyote, kama anayeomba chumvi. "Mama Mwende, niazime leso yako."

Nilimpa leso. Nilimfunga mtoto mgongoni mwake kwa mikono yangu mwenyewe, na macho yangu yalikuwa yamejaa mpaka nikafunga fundo vibaya na Ndunge akalifungua akalifunga upya. Mwaitu alimbeba Mutua mdogo siku nzima kwa leso yangu, akizunguka uwanjani akimwimbia, na alikuwa na furaha kweli, aliyekuwa hana furaha ni mimi. Nilikuwa nimedhani nimemharibia kitu cha zamani, kumbe nilikuwa nimemharibia siku ile ambayo alikuwa bado anaingojea.

Blanketi za viraka bado nashona, siwezi kudanganya kwamba niliacha. Lakini tangu siku ile sijagusa kitambaa cha mtu bila kumuuliza, hata soksi iliyotoboka, hata kitambaa cha kufutia taa. Watoto wangu wamekuwa watu wazima na bado hunicheka nikiwapigia hodi na shati lililochanika mkononi, nikiuliza kama naweza kulikata. Wananiambia, mama, hilo ni tambara tu. Mimi nawaambia waliangalie vizuri kwanza, halafu wanijibu.