Muhuri Sharti Uume Picha

Ni mimi niliyeomba muhuri. Naandika hilo mapema ili msomaji asihangaike kumtafuta mwenye kosa.

Baba yangu alikuwa Oicha, mji mdogo mbele ya Beni. Mwinjilisti wa zamani, miaka themanini na ushee, amebaki peke yake katika mtaa ambao majirani walikuwa wameuhama, maana milio ya risasi ilikuwa imetoka msituni na kufika kwenye mashamba ya kakao. Majirani wawili walirudi na karatasi za kumsafirisha, kila mmoja kwa siku yake. Aliwapa chai, akawaombea, akawarudisha. Kwenye simu aliniambia maneno manne: "Kuja weye mwenyewe, mwana." Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Kutoka Beni kwenda Oicha ilikuwa lazima kungoja msafara wa magari yanayosindikizwa na askari, mara mbili kwa juma, saa sita mchana. Na ili upande gari la msafara ulihitaji kibali kutoka mahali unapoishi, kwangu mimi Butembo. Kibali hicho kilikuwa cha kisasa. Kilikuwa na msimbo wa QR, kile kisanduku cha vimraba vyeusi na vyeupe ambacho wafanyabiashara wetu walikuwa wamekizoea zamani kwenye katoni za bidhaa kutoka China, na ambacho sasa serikali nayo ilikuwa imekiagiza.

Katibu wa ofisi ya Butembo, mama mmoja mpole, aliitoa karatasi kwenye printa ikiwa bado na joto.

"Imeisha, papa," akasema. "Hii haiombe kashe. Ordinatere ya Beni itasoma kode, basi."

Kashe ndilo jina letu la muhuri, na ordinatere ndiyo kompyuta. Nilimtazama kwa huruma ya mtu aliyefika chuo kikuu. Kila vita vyetu vilikuja na karatasi yake. Nyumbani nina kopo la maziwa lililojaa vibali vya tawala tatu ambazo hazikutambuana hata siku moja, lakini zote zilitumia muhuri wa duara wa ukubwa uleule. Nimemwona askari akisoma karatasi yangu kichwa chini miguu juu, akauona muhuri, akanipigia saluti.

"Mama, piga kashe," nikasema.

"Mais papa, hapana lazima."

"Piga. Na upige hapa." Nikamwonyesha kwa kidole.

Kwetu muhuri sharti uume picha: nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi, ili mwizi asibandue sura ya mtu na kuweka yake. Karatasi ile haikuwa na picha yangu. Kitu pekee kilichofanana na picha kilikuwa msimbo. Mama alipumua, akaulowesha muhuri katika wino, akaupiga kwa nguvu zote za mtu aliyechoka kubishana. Duara la zambarau likameza kona nzima ya msimbo pamoja na sehemu ya tumbo lake. Nilitoka nikijiona nimekingwa.

Siku ya msafara nilifika Beni saa tatu asubuhi. Kwenye lango la ofisi askari alikusanya simu zote katika beseni la plastiki, kwa usalama, alisema. Ndani kulikuwa na kompyuta moja ya mezani, ya zamani, yenye kamera ndogo ya waya iliyobanwa juu ya kioo chake. Ndiyo peke yake iliyoruhusiwa kusoma vibali. Mwenye kuitumia alikuwa mtumishi wa serikali aliyeletwa kutoka upande wa magharibi wa nchi, mtu wa adabu, ambaye Kiswahili alikuwa amekiokota hapa hapa.

Walionitangulia walisomwa haraka. Karatasi mbele ya kamera, mlio mdogo kama wa kifaranga, pita. Kisha ikafika zamu yangu.

"Leta karibu," akasema. "Rudia nyuma kidogo. Papa, hapana kutetemeka."

"Sitetemeki."

"Karatasi iko natetemeka."

Tulijaribu karibu na dirisha, tukajaribu mbali nalo. Kifaranga hakulia. Mtumishi akaichukua karatasi, akaitazama kwa mara ya kwanza kwa macho yake mwenyewe.

"Nani alipiga kashe juu ya kode?"

"Ofisi," nikasema. Nimeujutia uongo huo, lakini kidogo tu.

"Donc rudia Butembo, bakupatie ingine. Utaenda na konvua ya siku zingine."

Nikamwambia kwamba siwezi kungoja msafara mwingine, kwamba kule ninakokwenda kuna mzee peke yake katika nyumba, na kwamba hataki kuondoka na mtu mwingine. Akaniuliza mtaa gani wa Oicha. Nilipoutaja, aliacha habari ya Butembo. Aliinuka, akailaza karatasi yangu kwenye mashine ya kuskani, na baada ya muda msimbo ukatokea kwenye kioo, mkubwa kama sinia, ndani ya ile programu ya kuchorea ambayo watoto huchezea.

Alianza kufuta zambarau kwa kipanya. Kila alipofuta palibaki tundu, na kila tundu lilitaka kuamuliwa.

"Likambo te," akajituliza kwa Lingala, kwamba hakuna shida. "Papa, hapa. Nyeusi ao nyeupe?"

Nilianza kueleza kwamba msimbo wa aina hii hutengenezwa ili uweze kupoteza baadhi ya vimraba vyake na bado usomeke.

"Sasa mbona hausomeke?" akauliza mama mmoja nyuma yangu, aliyekuwa na balo la vitenge kichwani.

Somo langu likaishia hapo. Mstari mzima ulikuwa umesogea mezani.

"Nyeusi," alisema mmoja.

"Nyeupe. Hauone jirani yake iko nyeupe?"

"Munyooshe mikono," mtumishi akaagiza.

Watu wazima kumi, tuliokuwa na msafara wa kuwahi, tukapigia kura vimraba. Mzee mmoja wa kanisa alikataa, akasema yeye haingilii siasa. Kila tulipomaliza sehemu, mtumishi aliibandua kamera, akaivuta kwa waya wake na kuielekeza kwenye kioo, kompyuta ijitazame yenyewe. Ilijitazama mara tatu na haikujitambua. Saa ya ukutani ilionyesha saa tano na robo.

Mama wa vitenge alitua balo lake.

"Muniache nione," akasema, akainama. "Hii motifu iko na maua tatu kubwa kwa kona. Moya hapa. Moya hapa. Ya tatu njo kashe ilikula. Munapoteza wakati na haya madoa ya katikati. Kata ua moya, bandika pale kwa kona."

"Mama anajua ordinatere?" mtumishi akauliza.

"Minajua vitenge. Motifu ikikosa ua, siuzi."

Mtumishi akanakili mraba wa kona, akaubandika juu ya pengo. Akaivuta kamera. Kifaranga akalia.

Tukasogea sote kusoma kilichofichwa humo. Jina langu. Butembo. Anakwenda Oicha. Watarudi watu wawili. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwa herufi kubwa juu ya karatasi, sentimita tano kutoka kwenye msimbo.

"Iko kweli," mtumishi akasema, kama vile nilikuwa nimekana.

Nilipanda gari la mwisho la msafara. Oicha tulipewa saa moja, kisha magari yangegeuka. Nilimkuta baba kwenye kiti chake cha mbao, amevaa koti la kuhubiria, sanduku limefungwa kwa mkanda miguuni pake. Alikuwa hivyo, nilikuja kujua, tangu juma lililopita.

"Leta karatasi," akasema kabla hata ya salamu.

Alivaa miwani. Aliruka jina langu. Aliruka maandishi yote. Akaufikia muhuri, akaupapasa kwa kidole gumba, akahakikisha kwamba umeuma.

"Ya bale majirani babili haikukuwa na kashe," akasema. "Ni yale madudu nyeusi tu. Mutu atanitoa namna gani kwa nyumba yangu na karatasi bila kashe?"

Kisha akainuka, akaniachia sanduku nibebe. Karatasi aliikunja mwenyewe, polepole, ili mkunjo usiuguse muhuri. Mkunjo uliukata msimbo.