Msusi na Kamba ya Boti

Rafiki yetu msusi hajui kukaa bure. Siku yake ya mapumziko tulikwenda bandarini kupunga upepo, tukaketi gatini tukila karanga, naye akaokota kamba ya boti iliyofumuka. Huku akitumiminia umbea wa mtaa mzima, vidole vyake viligawa nyuzi na kuzisuka bila yeye kuzitazama. Akifika penye ukaidi anainong'oneza kamba, "Tulia," kama anavyowaambia wateja.

Baharia akaja amekunja uso. "Dada, hiyo kamba, si nywele."

Msusi akafunga ncha moja kwenye nguzo, akampa ya pili. "Vuta."

Akavuta, akaegemea nyuma kwa uzito wake wote. Kamba haikuachia. Akaenda kufungia boti yake.

"Afadhali kamba," msusi alisema, akirudia karanga zake. "Hailii."