Barnaba na Kamera Iliyogeuka

Mume wangu Barnaba ni mkaidi, tena mkaidi wa kusifika kijiji kizima cha Hasamba. Alikuwa anatokwa na damu chooni tangu msimu wa kuchuma kahawa, akawa ananiambia ni bawasiri tu, itapona. Kaka yake Boazi alisema hivyohivyo, na saratani ikamzika. Sikumbembeleza. Nilimwambia ama twende Tunduma akapimwe, ama nahamia kwa wanangu.

Basi akaacha kula, akanywa dawa ya kusafisha tumbo, akashinda chooni akinilaumu mimi. Asubuhi tunaingia chumba cha kipimo hospitalini Tunduma, nesi anayetandika kitanda anageuka: Rozi, mke wa mwanetu Gibson. Hatukujua amehamishiwa kitengo hicho. Kwa desturi ya kwetu, baba mkwe na mke wa mwanawe hawasemezani, sembuse avue suruali mbele yake. Barnaba akashika njia ya mlangoni, nikamdaka koti. Rozi akainamisha kichwa, akatupita pembeni na kumwita nesi wa kiume. Barnaba akaingia, Rozi akabaki nami kwenye benchi la nje, tumeshikana mikono.

Ya ndani Barnaba alinisimulia mwenyewe baadaye, bado amenuna. Daktari alianza kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa, akipapasa taratibu pande zote. Kisha ikaingia kamera mpaka mwisho wa utumbo mpana, ikarudishwa polepole huku ikimwaga maji na kupuliza hewa ili mikunjo ifunguke. Safi kote.

"Basi daktari, toa hicho kidude chako," Barnaba akasema.

"Bado, mzee wangu. Hapa karibu na njia ya kutokea pana ukingo. Kamera ikitazama mbele tu, haioni nyuma yake."

Akaikunja ncha ya kamera, ikatazama ilikotoka. Nyuma ya ukingo palikuwa na kinyama kama punje ya kahawa, kinavuja damu. Akakikata palepale, kikapelekwa maabara.

Kusubiri majibu kulinitesa. Barnaba alipalilia hata pasipo na magugu.

Rozi ndiye aliyepiga simu. "Mama, si saratani. Mwambie baba kimetoka chote."

Nikakaa chini kando ya kichanja cha kuanikia kahawa. Nikarudia maneno yale kwa sauti, Barnaba asikie, maana hao wawili huzungumza kupitia kwangu. Barnaba akafuta mikono kwenye suruali, akaichukua simu.

"Rozi, mwanangu," akasema. "Asante."

Upande wa pili wa simu nikamsikia mkwe wangu analia.