Ndege Wanaokunywa Maji

Fundi wa karatasi za ukutani hupikia gundi yake ya muhogo jikoni kwangu, mimi mpishi wa Madame, huionja kwa kidole kama mchuzi, kisha hufuta kidole kwenye kofia. Jana, sebuleni kwa Madame, alibandika kipande kizima cha maua na ndege kichwa chini, miguu juu. Karatasi yenyewe ilikaa miezi minne melini kutoka Ulaya, mtindo uleule uliokuwa ukutani kwa nyanya yake Madame.

Madame akaingia, akaganda. "Fundi, bale ndege banafanya nini?"

Hata hakugeuka. "Banakunywa, Madame. Ziwa iko kwa chini."

Madame akachungulia Ziwa Kivu dirishani, akacheka. Leo jirani yake anataka ndege wanaokunywa nyumba nzima, na fundi anapima mara tatu, jasho likimtiririka, asije akambandika mmoja wima.